Mama Nyemo Aliitwa Nani?

Salfa, dawa ya unga ya mizabibu, ina harufu ya kiberiti kilichowashwa kikazimika papo hapo, na zabibu zilizodondoka chini zikalala juani zina harufu ya togwa iliyoanza kuchachuka. Changanya harufu hizo mbili, ongeza vumbi jekundu la Makutupora na jasho la wanawake waliovaa makoti ya waume zao juu ya kanga ili matawi yasiwachane mikono, na hapo utakuwa umeupata utoto wangu. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nauza mitumba minadani, leo Haneti, wiki ijayo Babati, mwezi ujao Mungu akipenda Manyoni, na kila ninapokuta mtu anapulizia mimea dawa ya unga pua yangu hunirudisha kule kabla akili haijakubali. Kisha nasikia sauti ya msichana akisoma, na wanawake wamenyamaza wakimsikiliza. Hapo huwa naongeza mwendo.

Mama alikuwa kibarua wa mavuno, nami wakati wa likizo nilikuwa mwamiaji ndege, nikizunguka katikati ya mistari ya mizabibu nikipiga debe bovu kwa fimbo ili wasile zabibu. Adhuhuri ilipofika kila mtu alikwenda kwenye banda la kreti, lenye paa la bati na kuta za matete, na huko, kabla hata viporo havijafunguliwa, sauti zilianza: "Tausi! Tausi yuko wapi? Jamani, leteni msomaji kwanza." Tausi alikuwa msichana wa Kondoa, Mrangi, aliyemaliza kidato cha nne na kuja kwa mjomba wake kutafuta kibarua cha msimu. Alikuwa na sauti nzito kuliko umbo lake. Wengi wa wale wanawake walizungumza Kigogo nyumbani na Kiswahili sokoni, tena hawakujua kusoma, lakini hakuna hata mmoja ambaye hakujua Nyemo alikuwa amefika mlango wa ngapi.

Nyemo alikuwa shujaa wa vijitabu vilivyoitwa Milango ya Chumvi, vyembamba, vyenye karatasi ya kijivu, vilivyouzwa na kijana mmoja stendi ya mabasi mjini Dodoma. Mwandishi hatukumjua. Hadithi yenyewe ilisema kwamba chini ya nchi kavu kama yetu kuna nchi nyingine yenye maji, na wakazi wake waliiba mvua wakaifungia nyuma ya milango saba. Kijana Nyemo alishuka kuifuata. Kila mlango ulikuwa kijitabu kimoja, na kila mlango ulidai kitu: wa kwanza ulichukua viatu vyake, mwingine kivuli chake, mwingine sauti yake ya kuimba. Nyuma huku alimwacha mama yake, mjane, ambaye kila jioni alitenga vibakuli viwili vya chakula. Kwa kuwa Nyemo ni neno la Kigogo lenye maana ya furaha, Wagogo wa pale bandani walimdai kuwa ni wao. Tausi aliwachokoza. "Ninyi mvua hamna, maji hamna, sasa mnataka kunyang'anya hata mtoto wa kitabu? Huyu ni wa Kondoa, alishuka kwenye mapango yetu." Na mama yangu, mdomo umejaa ugali, alijibu: "Angekuwa wa kwenu angekwishauza hiyo mvua!" Hata nyapara, aliyejifanya hasikilizi, alikaa karibu na ukuta wa matete, na kengele ya kurudi kazini ilichelewa kila siku.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa Mama Ndahani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwepesi wa mkono, aliyejaza kreti kabla wengine hawajafika nusu. Mwanawe wa kwanza, Ndahani, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya Mererani kabla sisi hatujahamia Makutupora, akatuma salamu mwanzoni, kisha kimya. Aliyetoka huko akisema amemwona, mwingine alisema si yeye. Kama ilivyo desturi yetu, hakuna aliyemwita mwanamke yule kwa jina alilopewa na baba yake. Mtu akizaa, jina lake hulala, na jina la mtoto wake huamka. Kwa hiyo kila aliyemwomba kisu, kila aliyemsalimu asubuhi, alimtaja yule kijana bila kukusudia, naye aliitika. Tulipokuwa tukichuma alituhadithia habari zake: alivyopiga mluzi mbuzi wakageuka, alivyoogopa vyura, alivyogombana na mdogo wake Petro juu ya ukoko wa ugali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini yeye alitugawia kidogokidogo, na mimi nilimjua Ndahani kama nilivyomjua Nyemo, kwa masikio.

Wazee wa ukoo wao walitaka jambo lile lifike mwisho. Petro alikuwa amepata mtoto wa kiume, na wazee wakasema apewe jina la Ndahani. Katika ukoo ule jina la aliye hai halipewi mtoto. Humngoja mwenyewe afe ndipo lipate pa kukaa. Kulitoa jina ni kukubali kwamba mwenyewe hayupo, na baada ya hapo hufuata matanga. "Asiyekuwapo na lake halipo," wazee walisema. Mama Ndahani alikataa. Alisema jina lina mwenyewe, na kitoto kile kikabaki kinaitwa Mtoto tu, wiki baada ya wiki, huku Petro akiona aibu mbele za watu.

Kijitabu cha saba kilifika siku ya joto kali, zabibu za mwisho zikiwa mitini. Tausi alikisoma taratibu kuliko kawaida. Mlango wa saba, ulipoulizwa unataka nini, ulisema: nataka usikumbukwe na yeyote anayekujua. Nyemo alisimama pale kurasa nyingi. Kisha akapita. Mvua ikanyesha juu ya nchi nzima, watu wakatoka wakicheza matopeni, na mama yake akacheza nao. Jioni akaingia ndani akapakua chakula, akaona mbele yake vibakuli viwili. Akajiuliza, cha pili nimemtengea nani? Akakiosha, akakifunika kwenye kapu, akala. Tausi akafunga kitabu. Tulidhani amepumzika.

"Endelea," akasema nyapara kutoka ukutani, akijisahau kabisa.

"Kimeisha."

"Kimeishaje? Fungua nyuma huko!"

Tausi akafungua, akawaonyesha karatasi tupu. Ghasia iliyozuka bandani sijaiona tena, hata msibani. Mmoja alisema mwandishi huyo hajazaa, na kama amezaa basi hajalea. Mwingine akasema mvua ya namna hiyo aichukue mwenyewe, sisi tumezoea ukame. Mama yangu alitaka kitabu kirudishwe stendi kama nguo yenye tundu. Mjini nako, tulisikia, yule kijana muuzaji alizomewa mpaka akahamisha meza yake, kana kwamba yeye ndiye aliyemsahaulisha mama wa watu. Ukatokea uvumi kwamba kipo kijitabu cha nane, kimefichwa Dar es Salaam, na kila dereva wa basi aliombwa aulizie. Sisi watoto tuliocheza Nyemo kwenye korongo la mchanga tukaacha, maana hakupatikana tena mtu wa kukubali kuwa Nyemo. Mimi nilianza kumwamsha mama alfajiri nikimwuliza, "Mama, mimi naitwa nani?" Naye alijibu, "Unaitwa Msumbufu. Kamata debe lako."

Mama Ndahani peke yake hakulalamika. Alikaa akizungusha kisu cha kukatia vichala, na kelele zilipopungua akauliza kwa upole, "Tausi mwanangu, sasa huyo mama, watu walimwitaje?"

"Nani, mama?"

"Huyo. Alikuwa Mama Nyemo tangu kitabu cha kwanza. Nyemo amesahaulika. Kesho yake jirani akitaka moto, atamwitaje?"

Tausi alifungua kitabu akakitazama kana kwamba jibu lingekuwamo. "Hawakusema, mama."

Swali lile lilikaa shambani kama salfa kwenye majani. Watu waliacha kubishana juu ya Nyemo. Mama Ndahani alianza kulitaja jina la mwanawe peke yake, akichuma, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Siku nyingine alikosea hadithi: mluzi akaupa Petro, vyura akawapa Ndahani na Petro wote wawili. Niliona alivyostuka alipogundua. Alishika waya wa mzabibu, na mama yangu akamwita mara kadhaa kabla hajaitika.

Jumapili iliyofuata alituita kwa Petro. Tulikwenda mimi, mama na Tausi, pamoja na wanawake wengine wa shambani, tukakaa uani kwenye mikeka, na wazee wa ukoo wakakaa kwenye vigoda vyao. Mama Ndahani alimchukua mtoto kutoka kwa mkamwana wake akasema bila utangulizi, "Mwiteni Ndahani."

Petro alisimama. "Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Nilidhani adui yake ni kifo. Kumbe nilikuwa nikilinda mlango usiofaa." Akamweka mtoto begani. "Kama amekufa, jina limepata pa kukaa. Kama yu hai, atarudi atukute tunalitaja. Mimi nikifa, nani atalitaja?"

"Na akirudi wakawa wawili?" mwanamke mmoja akauliza.

"Nitaongeza unga," akajibu, na watu wakacheka, na vigelegele vikapanda. Mama yangu hakupiga kigelegele. Njiani akasema kwa sauti ya chini, "Amemzika kwa mdomo wake." Tausi akasimama katikati ya njia. "Mama, amemwokoa!" Wakabishana mpaka nyumbani, kwa maneno yaleyale ya ubishi wa kitabu, nami nikiwa katikati nikijaribu kuchagua upande.

Asubuhi yake, kwenye mistari ya zabibu, mtu alimpigia Mama Ndahani kelele kwa furaha, "Bibi Ndahani! Umeamkaje?" Ilikuwa heshima. Amepata mjukuu mwenye jina, amepanda daraja, na kwetu mtu humwita mwenzake kwa daraja lake la juu. Alicheka akaitika. Kufikia wakati wa kupogolea hakukuwa na mtu aliyemwita Mama Ndahani isipokuwa Tausi, naye msimu ulipokwisha alipanda basi akarudi Kondoa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba jina la zamani liachwe. Kijitabu cha nane hakikuja.

Mwaka huu nilifika tena Makutupora na marobota yangu. Mtoto yule sasa ni Ndahani mtu mzima mwenye mizabibu yake mwenyewe, na ana binti anayesoma sekondari ambaye hatoi macho kwenye simu. Nilimkuta yeye na wenzake wamekasirika, kwa sababu hadithi ndefu ya majini waliyoisoma kwenye simu kwa miezi mingi ilikuwa imeisha vibaya. Walimtukana mwandishi kwenye kundi lao, wakamwamuru aandike upya, na mwenzao mmoja akatunga mwisho mwingine akausambaza. Jioni mwandishi mwenyewe akatuma sauti iliyorekodiwa akiomba radhi. Walipomaliza kuisikiliza walikuwa tayari wanabishana juu ya jambo jingine. Sikuwacheka. Niliwaonea wivu. Mwisho wetu haukuwa na mtu wa kuurekebisha. Ulitukuta bandani na viporo vyetu, ukaingia majumbani, ukaamua mambo.

Bibi Ndahani alikuwa uani, amekonda, macho meupe kidogo, mikono bado ikitafuta kitu cha kufanya. Nilipiga magoti nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo. Nilimtajia jina la marehemu mama yangu, akalikumbuka, akauliza habari za kaburi lake. Nikapata moyo. Nikamwuliza kama yule Ndahani wa Mererani walipata kusikia habari zake tena.

Alikunja uso, akamgeukia mjukuu wake. "Ndahani, wewe ulikwenda Mererani?"

"Hapana, bibi."

"Unaona? Huyu hajatoka hapa tangu azaliwe. Nani amekudanganya?" Akacheka, akampapasa mkono. "Alipokuwa mdogo, huyu, akipiga mluzi mbuzi wote wanageuka. Lakini vyura! Akiona chura analia." Alisema kwa raha, kama mtu ambaye hajawahi kupoteza kitu. Ndahani alinitazama akainua mabega kidogo. Yeye hakuwahi kuchunga mbuzi.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Baba yake, Petro, alikuwa amefariki siku nyingi, na alipokuwa hai hakupenda kuulizwa mambo ya zamani. "Shangazi," akasema, "mimi niliambiwa ni jina la ukoo tu. Kwani alikuwepo mwingine?"

Nilimweleza. Nilimpa mluzi, vyura, ukoko wa ugali, salamu za mwanzo kutoka machimboni na kimya kilichofuata. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na nilipomaliza alitaka kujua kitu kimoja tu: mtu huyo alifananaje usoni. Sikuwa nimewahi kumwona. Yote niliyokuwa nayo nilipewa na yule mwanamke aliyekaa uani, na kutoka pale barabarani tulikuwa tukimsikia, bado anacheka.