Matanga ya Mama Aliyekuja Kujiona

Dishon Okinyi alikuwa amezika watu wengi sana kabla serikali haijamwajiri. Si kwa jembe, kwa maiki. Alikuwa emsii wa matanga, kuanzia Kaloleni ya Kisumu alikozaliwa hadi Seme, Asembo na kwingineko kote palipokuwa na hema, viti vya plastiki na mheshimiwa aliyechelewa. Mlevi aliyefia mtaroni, Dishon angemwinua mbele ya waombolezaji mpaka mtu ajiulize kwa nini hakuna barabara yenye jina lake. Mwizi wa kuku alizikwa kama mfugaji. Mzee aliyekuwa akimfukuza mkewe kila msimu wa mavuno akawa "baba aliyependa utulivu wa nyumba." Watu walilia, wakacheka, wakachanga, wakala, wakaenda zao, na marehemu akabaki na sifa ambazo angeshangaa kuzisikia.

Jumba la Taifa la Sanaa lilipofungua tawi kando ya ziwa, Kisumu, na kutangaza kwamba linatafuta waongozaji wa wageni, Dishon naye akapeleka karatasi zake, zilizokuwa chache. Kwenye mahojiano alikaa na vijana wenye shahada waliosema kwa upole mambo ambayo hayakueleweka. Yeye aliulizwa angefanya nini na mgeni asiyependa picha. Akajibu kwamba amewahi kuwaliza wakwe kwenye matanga ya mkwe waliyemchukia. Kazi akapewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ziara ya nusu saa: vyumba vichache, picha chache, mlango wa kutokea. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameleta maelezo ya kila picha, yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa akilipwa kwa urefu wa maneno, hilo halikuhitaji uchunguzi. Picha ya sufuria tupu, kwa mfano, ilikuwa "mazungumzo baina ya utupu na ujazo." Wiki ya kwanza Dishon aliyasoma maelezo hayo kama yalivyo, akaona watu wazima wakisinzia wima kama punda. Wiki ya pili akayaweka kando na kurudia ufundi aliojua. Akaanza kuzifanyia picha matanga.

Wala hakuona kosa. Kwa watu wa kwao, picha kubwa ya mtu mmoja, yenye fremu nzuri, iliyowekwa mahali ambapo watu wanapita polepole wakinong'ona, ina maana moja tu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye sanaa mtu huweza kutundikwa ukutani akiwa bado anakunywa chai. Kwa hiyo kila uso uliokuwa humo ndani Dishon aliuhesabu kuwa wa marehemu, na marehemu kwake alikuwa mali ya kazi.

Aliyependwa kuliko wote ni mama mmoja wa chumba cha mwisho. Amechorwa akiwa ameketi ufuoni kando ya karai la samaki, mkono mmoja juu ya macho kukinga jua, anatazama majini. Kibandiko kilisema *Mama wa Ufuoni*, basi, jina hakuna. Siku ya kwanza Dishon alipoutazama uso ule alihisi anaufahamu. Akajiambia kwamba kila mama anayekaanga samaki hufanana na shangazi wa mtu. Lakini palepale hadithi ikamjia nzima nzima, bila kuitafuta.

Mama huyu, aliwaambia wageni, alizama. Mtumbwi ulipinduka, wapiga mbizi wakatafuta mpaka wakachoka, ziwa likakataa kumtoa. Na kwetu mtu hawezi kukaa tu huko bila kuzikwa. Basi ukoo ukaenda ukakata yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kama soseji ya jitu, wakalifunga shuka jeupe, wakalilaza ndani ya jeneza mahali pa mwili. Hapa Dishon aliteremsha sauti. Kabla kifuniko hakijafungwa, binti wa marehemu akatoa sweta ya kijani akalivisha lile tunda, akasema, maji ya ziwa ni baridi.

Hakuna mgeni aliyepita hapo na macho makavu. Mzee Ravinder, Singasinga mwenye kiwanda cha magodoro, alirudi mara kadhaa kuisikia tena, na siku moja akaacha waridi chini ya fremu, hadi usimamizi ukabandika tangazo la kukataza maua. Dhamiri ilimgusa Dishon mara moja, siku ya waridi. Akaituliza haraka: aliyekwisha kufa hadhuriki kwa kuzikwa tena.

Jumamosi moja wakaja akina mama wa kwaya kutoka Kombewa, vilemba vya zambarau, sare moja, wakiongozwa na Mama Jacinta ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Mlangoni, mmoja wao, mwembamba, mwenye viatu vipya vinavyomwuma, alimvuta Dishon kando kwa ncha ya shati.

"Baba, mimi ndio Selpha. Mimi ndio ule wa picha."

"Picha gani, mama?"

"Ya kukaanga samaki. Kijana wa Maseno alinichora, akaniambia imewekwa huku. Hawa hawajui." Akacheka kidogo, kiganja mdomoni. "Usiseme bado. Nataka waone wenyewe."

Dishon aliutazama uso ule, na uso ule ukamtazama, na haukuwa umezama mahali popote. Alijua akina mama hawa wanalichukuliaje jambo la kumtangazia kifo mtu aliye hai. Si mzaha hata kidogo. Watu hutema mate wakisikia.

Akajituliza: hawajui lolote, atafika pale, atasema "hii ni picha ya mama," atatoka. Ndipo mlango ukafunguka akaingia Mzee Ravinder, amemshika mkono dada yake Manpreet aliyekuja kumtembelea.

"Okinyi," akasema Ravinder kwa sauti ya mtu aliyeishi kati ya mashine, "nimeleta dada. Nimemwambia kila kitu. Leo lazima alie."

Kuanzia hapo Dishon akaongoza ziara kama mtu anayesindikizwa kituo cha polisi. Mpango wake ulikuwa mmoja, kuimaliza nusu saa kabla ya chumba cha mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya punda, aliyakumbuka maelezo ya Nairobi na kuyasoma yote, hata vituo. Alisimama mbele ya sufuria hadi kwaya ikaanza kubadilisha miguu.

"Ni mazungumzo," alisema, jasho likimtoka, "baina ya utupu na ujazo."

"Hiyo ni sufuria, baba," akasema Mama Jacinta. "Tunaiona. Endelea."

"Okinyi, wewe mgonjwa leo?" akauliza Ravinder. "Twende kwa yule mama."

"Chumba kile kinapakwa rangi, mzee."

Mama Jacinta alichungulia mlangoni. "Hakuna rangi. Kuna picha tu ya mtu na samaki." Kisha akachungulia tena. "Yawa. Selpha?"

Selpha alikuwa amekwisha kuwatangulia. Alitembea na viatu vyake vinavyomwuma mpaka chini ya picha, akageuka, akaweka mkono juu ya macho vilevile kama alivyochorwa. Kwaya ikalipuka vigelegele. Wakamzunguka, wakamgusa, wakaigusa fremu ingawa ilikatazwa, wakabishana kama mchoraji amemwongezea mashavu.

"Mbona umetuficha hivi, Mama Debra?" mmoja akamwuliza Selpha.

"Kumbe tunaimba na mtu wa serikali."

Dishon alisimama mlangoni akiomba kimoyomoyo apatikane moto mdogo, usiodhuru mtu.

Ravinder hakuwa amemwona Selpha. Alikuwa akifuta miwani, na vilemba vile vya zambarau kwake vilikuwa wageni tu waliofurahi kupita kiasi. Akamsogeza dada yake, akanyoosha kidole kwenye picha, akaanza kusimulia mwenyewe. Alisimulia vizuri, kwa kweli. Alikuwa na mwalimu mzuri. Mtumbwi ukapinduka. Wapiga mbizi wakachoka. Vigelegele vikapungua, vikafa kimoja baada ya kingine. Ravinder akafika kwenye yago na shuka jeupe. Sasa chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza.

"Halafu mtoto wake analeta sweta ya kijani," akasema, sauti ikimkatika, "anavalisha ile tunda. Anasema maji ni baridi."

Mkono wa Selpha ukashuka kutoka machoni.

"Ravinder," akasema Manpreet polepole, "nyamaza. Mama ni huyu hapa."

Mzee akavaa miwani. Akamtazama Selpha, akaitazama picha, akamtazama tena, kisha kichwa chake chote, kilemba na ndevu, kikamgeukia Dishon.

"Nani amesema nilikufa?" akauliza Selpha.

Dishon aliwaza Nairobi. Nairobi ilikuwa mbali, na haikuwa na mtu pale wa kuitetea. Angeweza kusema ndivyo walivyoandika. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa hapo.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilidhani... picha kubwa hivi. Nilidhani ni marehemu."

Mama Jacinta alitema mate pembeni, kwenye sakafu ya taifa, kufukuza balaa. Kisha akajishika kiuno. "Yaani umemzika mtu wa kwaya yetu bila kutuita? Hata wimbo mmoja?"

Mtu akacheka. Mwingine akauliza kama kulikuwa na nyama. Mwingine akataka kujua nani aliongea kwa niaba ya ukoo, na kwa muda gani. Kicheko kikaenea, na Dishon, mjinga wa watu, akacheka pia, akahisi kifua kinafunguka. Imeisha, akajiambia. Nitaitwa mwongo mpaka Krismasi, basi.

Selpha hakucheka.

"Ile sweta," akasema. "Ulitoa wapi?"

"Sweta, mama?"

"Ya kijani."

Hapo ndipo uso ule ukakaa mahali pake. Boma moja juu ya soko la Kombewa, mvua za masika, hema linavuja. Dishon alilipiwa bodaboda aje kushika maiki, akapewa chai. Alikuwa na kazi kubwa siku hiyo ya kuwatazama wageni wa heshima na mifuko yao, na emsii hatazami upande wa jeneza. Lakini mama mmoja alikuwa amesimama, amevuka mbele ya watu wote na kitu cha kijani mikononi, na Dishon alisema kwenye maiki, "Tunyamaze kidogo, ndugu zangu." Wakanyamaza. Na katika kimya kile, wakati mama yule anaivuta mikono ya sweta juu ya tunda la mti, Dishon Okinyi aliwaza jambo moja tu, na sasa alilikumbuka waziwazi: hii ni nzuri, hii niiweke.

"Ni wewe ulikuwa na maiki," akasema Selpha.

"Ndiyo, mama."

"Ulivaa suti nyeupe."

"Ndiyo."

"Si binti alivalisha. Ni mimi. Ilikuwa ya kijana wangu aliyezama, ya shule." Aliwageukia Ravinder na Manpreet, kama mwenyeji anayewasahihishia wageni njia. "Na mimi sikusema kitu. Hiyo ya maji baridi ameongeza."

Ravinder alikuwa ameshika kilemba kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," akasema Dishon, akajisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti ileile, imeteremshwa mahali palepale, ikisubiri kimya baada yake. Miaka yote ile, na hakuwa na sauti nyingine ya kuombea msamaha. Akatamani aseme tena vizuri zaidi, akajua kwamba ingetoka vizuri zaidi, na hilo ndilo lililomtia aibu.

"Usiniombe hivyo," akasema Selpha. "Simulia. Hawa watu wamenililia mimi bure, na mimi niko. Waambie ya kijana, vile ilikuwa. Wewe unajua kuongea. Anza na jina."

Dishon akafungua mdomo.

Alikumbuka suti. Alikumbuka hema, aliyechelewa, aliyechanga, aliyesema atachanga. Alikumbuka chai ilikuwa na tangawizi. Aliliona yago ndani ya shuka, na jinsi kifuniko kilivyokataa kufunga mara ya kwanza. Jina alilitamka siku ile mpaka likamkausha koo: marehemu nani, ndugu yetu nani, kijana wetu mpendwa nani. Alilitafuta kila mahali kichwani na hakulikuta. Akawatazama akina mama labda mmoja atamwita Selpha kwa jina la kijana huyo, lakini wote walimwita Mama Debra, na Debra ni msichana.

Kwaya ilikuwa inasubiri.

"Silikumbuki, mama," akasema Dishon, na safari hii hakuna sauti iliyoteremshwa. Ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayejibu simu usingizini.

Mama Jacinta akavuta pumzi ili alitaje jina. Selpha akainua mkono.

"Mwache. Siku akilikumbuka atakuja nyumbani aniambie. Njia anaijua, alikula kwetu siku mbili." Akaitazama picha yake mara ya mwisho, akamfuta mavumbi kwa ncha ya kitambaa yule mama wa ukutani, chini ya kidevu. "Sasa tuonyeshe ile ingine. Tumelipa kiingilio."

Ile nyingine ilikuwa nje ya mlango, ukuta wa kutokea: kiboko ndani ya magugumaji, mkubwa, mdomo wazi. Dishon alisimama kando yake, mikono imening'inia.

"Hii," akasema, "ni picha ya kiboko."

Walisubiri.

"Na huyu," akauliza Selpha, "naye ulimzika?"

Mama Jacinta ndiye aliyeanza kucheka, kisha kwaya nzima, kisha Manpreet, na hata Ravinder huku akijifuta macho. Selpha alimtazama tu, akisubiri jibu.

"Huyu sijamgusa, mama," akasema Dishon. Akawaongoza kuelekea mlango wa kutokea, huku moyoni akijaribu majina ya kijana yule, Odhiambo, Owino, Ouko, Omollo, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango wa wenyewe.