Bastola Iliyonukia Samli

Nyumba yetu kule Nyarero ilinukia samli, lakini si samli ya chakula. Hii ilikuwa imezeeka na kuchacha kidogo, na harufu yake ilitoka chini ya kitanda cha Bibi Robi, ndani ya sanduku la bati alimolaza bastola ya marehemu mumewe. Kwa Bibi, kitu cha thamani hupakwa samli: mtoto mchanga, kibuyu kipya, ngozi ya kulalia. Basi na chuma nacho akakipaka, tena bila ubahili. Ilikuwa bastola ya kizamani, yenye kigurudumu cha risasi kinachozunguka. Sisi watoto tuliruhusiwa kuitazama, kugusa, thubutu! Nami nilikuwa mtoto wa maswali. Ilitoka wapi? Ilishawahi kuua? Bibi alisema mumewe alirudi nayo kutoka vita vya Wazungu, na nikizidi kuuliza alinituma kuni.

Lazima nieleze nyumba yenyewe. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, akafanya tufanyavyo sisi Wakurya: akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu, ili watoto wa mama wawe wa nyumba yake na mali isitoke. Tunaiita nyumba ntobhu, na kwetu ni ndoa kamili. Lakini mzee Chacha, mdogo wa marehemu, hakuimeza. Alikuja, akaketi, akasema ng'ombe na silaha ni vitu vya wanaume, kwa hiyo avichukue yeye. Bibi hakubishana. Aliinuka tu kuelekea chumbani, na mzee papo hapo akakumbuka ana safari. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hata hivyo tulijua vizuri kwamba siku bastola ikiondoka, ng'ombe nao wataondoka, na mama atabaki na sisi mikononi bila pa kwenda.

Kisha serikali ikatangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe mwenyewe, asiyefanya hivyo atafungwa. Bibi akakosa hamu ya kula. Akiificha, jela; akiitoa, Chacha. Mwishowe aliifunga kwenye khanga, akaifukia ndani ya kikapu cha maharage, tukapanda gari kwenda Tarime mjini. Njia nzima nilikuwa na hofu, lakini, Mungu anisamehe, udadisi ulizidi hofu. Leo nitajua ni bunduki ya aina gani.

Kwenye kituo cha polisi tulipokelewa na askari mwanamke. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaipokea bastola, akapiga chafya. Kigurudumu kiligoma kuzunguka kwa samli iliyoganda, ikabidi aombe maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani, na kituo kizima kikanukia kama jiko la harusi. Aliposafisha, akaingiza ncha ya kalamu kwenye mtutu. Ikagota.

"Bibi, umeziba na nini humu?"

"Mimi? Nimepaka samli tu, mwanangu."

Akachungulia tena, akaanza kucheka. "Hii ni ya kuanzishia mbio. Imezibwa tangu kiwandani, inatoa mlio tu. Haiui hata kuku!"

 Ndipo Bibi akakumbuka: mumewe alipotoka vitani alikuwa mlinzi wa shule, na siku za michezo walimu walimwachia yeye kufyatua mlio wa kuanzisha mbio. "Huyu mwanaume!" akasema, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Nadhani alilia na kucheka kwa pamoja. Askari akamrudishia mali yake.

Nyumbani tulimkuta mzee Chacha amekwisha kaa, maana habari zilimfikia. "Shemeji, wamekunyang'anya?"

"Wameikagua, wameisafisha, wamenirudishia," Bibi akajibu. Hakudanganya hata neno moja. Mzee akamtazama, akaitazama khanga, akaondoka bila kugusa uji wake.

Sasa ninaishi Nyamisangura, Tarime mjini, na simu yangu inaweza kunionyesha bastola za kila aina kabla chai haijapoa. Wanawake wa siku hizi wana hati za mashamba na wanajua mlango wa mahakama. Bibi alikuwa na chuma kilichozibwa na uso usiocheka, akatulea sote. Alipofariki aliniachia mimi lile sanduku. Siku ya matanga mzee Chacha, macho yamefifia, aliomba aishike bastola. Nilitamani kukataa, maana ng'ombe wa Bibi walikuwa bado zizini. Akaipapasa taratibu, kidole chake kidogo kikafika kwenye mdomo wa mtutu, kikagota. Nikajua siri imetoka. Akanusa vidole vyake, akanirudishia.

"Bhoke, mjukuu wangu," akasema, "ipake samli. Chuma cha nyumba hii kisije kikaota kutu."