Mbarika Nyuma ya Zizi

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe huko Ogwedhi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alimtazama ng'ombe mara moja tu akakuambia umri wake, na ugonjwa ambao mwenye kuuza alikuwa akiuficha. Mwili wake mwenyewe hakuujali hivyo. Alipovuka sabini, tumbo lilianza kumsumbua. Alikaa siku nne au tano bila kwenda choo, na aliona haya kulitaja jambo hilo mbele ya mke wa kaka yangu, aliyempikia na kumfulia tangu mama alipofariki.

Ndiyo maana alinipigia simu mimi. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya akina mama Homa Bay, na nyumbani wananiita daktari ingawa nimewakataza mara nyingi. Ilikuwa siku ya chanjo. Benchi zilijaa, watoto walilia, nami nilibana simu kwa bega huku nikijaza kadi. Baba alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Aliuliza kama mvua imenyesha, akauliza habari za wanangu, kisha akasema amekumbuka dawa ya zamani. Mbarika, ile tunayoiita odagwa, ilikuwa imeota nyuma ya zizi, na nyanya yake aliwapa mafuta yake walipokuwa wadogo ili kusafisha tumbo. Aliuliza kama kuna ubaya.

"Hakuna ubaya, Baba," nikamwambia. "Hata hospitalini mafuta hayo yalitumika. Kunywa na maji mengi."

Akashukuru, akakata. Sikumuuliza atayatoa wapi hayo mafuta. Mimi nilifikiria chupa ya dukani.

Kesho yake asubuhi alichuma mbegu kiganja kizima, akazitwanga mbichi, akazikoroga katika uji ambao mke wa kaka yangu alimwekea mezani, akanywa wote. Alikwenda sokoni kama kawaida. Wenzake walisema baadaye kwamba siku hiyo alikuwa mchangamfu. Alasiri akaanza kutapika, na usiku ulipoisha alikuwa anaharisha damu. Kaka yangu alimbeba hadi hospitali moja mjini Migori, na mimi nikafika siku iliyofuata.

Nilimkuta midomo imepasuka, macho yamezama. Daktari alishuku ugonjwa wa kuhara damu. Nilipomuuliza Baba alichokula, alinijibu polepole, bila lawama yoyote.

"Nilitwanga zile mbegu. Nilifanya kama ulivyosema, nyara."

Nyara ni binti yangu. Hakuna siku ambayo neno hilo halijanirudia.

Nilimwambia daktari. Alikuwa kijana, na alinivuta kando. Alieleza kwamba mafuta ya mbarika yakikamuliwa vizuri hayana sumu hiyo, kwa kuwa sumu ni protini isiyoyeyuka katika mafuta. Inabaki kwenye makapi. Tena moto huiharibu. Bila shaka nyanya yake Baba alichemsha mbegu siku nzima, akaengua mafuta, akamwaga makapi mbali na kuku. Baba alikuwa mtoto, aliona kijiko tu.

Nikamuuliza inafanya nini mwilini.

"Ina sehemu mbili, Sista," akasema. "Moja inashika ngozi ya seli, na seli yenyewe inaivuta ndani. Ya pili inaharibu vile viwanda vidogo ambavyo seli hutengenezea protini zake. Chembe moja inaharibu kiwanda kimoja, inaenda kingine, na kingine, haichoki. Seli inaishi kwa muda na kile ilichokuwa nacho, halafu inakufa."

Hapo nikaelewa ni kwa nini alikwenda sokoni akicheka. Nilimwuliza dawa ya kuizuia. Akasema hakuna; ni maji ya mishipa na kungoja. Nimewaambia wagonjwa maneno kama hayo miaka mingi, lakini sikuwahi kuwa upande ule mwingine wa kitanda.

Figo zilisimama, kisha macho yakawa manjano. Akili yake ilikaa sawa karibu mpaka mwisho, na hilo sikulitaka. Alifariki Jumamosi mchana, kaka yangu akiwa amemshika miguu.

Nyumbani, kabla hata maiti haijatoka mochari, watu walishaamua. Mtu mzima haharishi damu bure. Baba mdogo, ndugu yake wa mwisho aliyebaki, alitaka kujua nani alipika uji. Kila mtu alijua nani alipika uji. Mke wa kaka yangu alisema alipika uji uleule ambao watoto wake walikunywa. Kaka yangu alitazama chini.

Nami nilinyamaza. Nataka kuliandika hili jinsi lilivyokuwa: nilinyamaza siku mbili nzima. Nilijiambia kwamba nasubiri cheti cha hospitali, kwamba uchungu utapoa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonwa kama ninavyojiona sasa.

Siku ya tatu mke wa kaka yangu alipika kuon na samaki kwa ajili ya waombolezaji. Kuon ni ugali wetu. Sahani zilipelekwa kwenye turubai, na zikarudishwa jikoni zimejaa. Alizipokea moja moja, akazipanga chini, akakaa karibu nazo akakunja mikono. Mwanawe mdogo aliponyoosha mkono kuchukua samaki, shangazi mmoja akamvuta.

Nilitoka jikoni nikaenda kusimama mbele ya wazee. Nikasema Baba alinipigia, aliniuliza kuhusu mbarika, na mimi nikamwambia hakuna ubaya. Nikasema alitwanga mbegu mwenyewe, alinieleza kwa kinywa chake.

Baba mdogo alinigeukia.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

Hawakunifukuza. Walimzika, na mimi nikatupa udongo kama wengine. Kaka yangu aling'oa miti yote ya mbarika hadi mizizi, akaichoma, asitake msaada wangu. Kabla sijaondoka, mkewe alinikuta nikikunja nguo.

"Ulijua tangu siku ya kwanza," akasema.

Nikakubali. Akaniacha na nguo zangu, akatoka.

Sasa mke wa kaka yangu na familia yake wanaishi Suna, ambako anauza nguo za mitumba. Mwaka jana nilipita kwenye kibanda chake. Tulisalimiana vizuri, nikauliza watoto, akanijibu mmoja baada ya mwingine, wa kidato cha pili, wa darasa la sita. Kisha akaja mteja akitaka sweta, akanigeuzia mgongo kumhudumia. Nilisimama pale kidogo, halafu nikaenda zangu.