Fundo la Ndama

Nina hasira na fundo. Anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni mtu wa ziwani, nikaolewa Busawe kwa wafuga ng'ombe. Mwaka mmoja mama mkwe wangu aliugua, tumbo likakataa kila kitu: uji, maziwa, hata chai ya rangi. Siku moja akasema angepata supu ya kambare angekunywa. Mama huyo ndiye aliyenipokea kama binti yake nilipofika sijui neno hata moja la Kikurya. Angeomba maini ya chui ningemtafutia.

Mume wangu alikuwa machimboni. Baba mkwe akasema kazi hiyo ni yake. Akakata ufito, akanunua mshipi wa nailoni na ndoano, akashuka Mto Mara. Nilikuwa nafua nguo hatua chache kutoka alipokaa, nikaona anavyofunga mshipi kwenye ufito. Alifunga kama anavyofunga ndama wakati wa kukamua, fundo ambalo ukivuta ncha tu linaachia. Kwenye kamba ya katani fundo hilo linashika vizuri. Nailoni inateleza. Kambare alipokamata, mshipi ulichomoka kwenye ufito ukaenda zake na ndoano yake.

Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Unaanza kufunga katikati ya ufito, unauzungushia mshipi hadi karibu na ncha, pale unachonga mkato mdogo kwa kisu, unafunga tena mara mbili na kulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Hata ncha ikivunjika, samaki bado ni wako. Lakini kwa desturi yao mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe ana kwa ana, hamtazami usoni, wala hagusi kitu kilicho mkononi mwake. Nikamweleza mama mkwe, naye pale kitandani, kwa sauti ya kukatikakatika, akamweleza mumewe. Akajibu kwamba alianza kufunga kamba mimi sijazaliwa. Kesho yake akafunga vilevile. Mshipi wa pili ukaenda. Alirudi nyumbani akilalamika kwamba samaki wa siku hizi wana nguvu mno. Eti samaki.

Siku ya tatu mama alikuwa hawezi kuinua kichwa. Nilishuka mtoni bila nguo za kufua. Nikasimama mbele ya mzee yule, nikamtazama.

"Shikamoo, baba. Hapa hatufungi ndama. Nipe huo ufito."

Aligeuza uso kama aliyepigwa kofi, lakini akauachia. Nilifunga kwa hasira, si kwa woga, nikamrudishia. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametoa kambare wa urefu wa mkono.

Supu ilipoiva, mama hakuweza tena kumeza. Nilimlowesha midomo kwa kidole changu. Kesho yake akafariki.

Matanga yalipokwisha wazee waliniita, wakanisomea makosa: nimemtazama mkwe usoni, nimempokonya kitu mkononi. Habari ya fundo hakuna aliyeiuliza. Niliomba radhi, kwa sababu wanangu wanakula katika boma lile. Baadaye mume wangu akaniuliza kama najuta kweli. Nikamwambia ndiyo, najuta sana. Najuta zile siku mbili nilizonyamaza.