Ndugu wa Riwaya Yangu

Mkutubi wa maktaba yetu hapa Tottenham, mama wa Mombasa, hagusi kitabu kabla ya kufuta vidole kwa kitambaa anachokificha ndani ya mkono wa sweta. Husoma akinong'ona, na akifika penye kasoro hukohoa. Barua yangu kwa wakala anayewatafutia waandishi wachapishaji ilimkohoza mara moja tu, pale nilipojigamba kwamba riwaya yangu haina mfano.

"Mwanangu, kwetu hiyo ni sifa. Lakini wakala atauliza, huyu mtoto ni wa akina nani? Hana hata jamaa?"

Nikanywea. Riwaya ile nimeiandika miaka sita, ndani ya basi, nikitoka zamu ya kutunza wazee. Mkutubi akaenda rafuni, akarudi na riwaya mbili za mwaka jana. "Huyu kaka yake, kwa ucheshi. Huyu dada, kwa wauguzi wake. Wataje hao kwenye barua, ajue wasomaji wako ni akina nani."

Nikawataja. Yeye akazirudisha riwaya zile rafuni, akaacha katikati yake upenyo wa vidole vitatu, unaotosha kitabu kimoja.

Leo wakala ameomba kuisoma riwaya nzima. Nimekimbilia maktaba kumshukuru. Upenyo bado uko wazi, na ndani yake hamna hata chembe ya vumbi.