Njaa Ndani ya Maji ya Kijani

Siku ndugu yangu aliposema kwamba samaki wanakufa kwa sababu yangu, nilikuwa nimechuchumaa kando ya bwawa nikichota kwa chujio la chai vifaranga wa samaki waliokufa. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, leso begani, na hakutamka neno. Mpaka leo sijui ni upi ulionichoma zaidi, mdomo uliosema au mdomo ulionyamaza.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kitengela baada ya ndoa yangu kuvunjika. Haikuvunjika kwa fujo. Miaka ilipita bila mtoto, mama mkwe akawa anauliza kila tukionana, halafu akaacha kuuliza, na huko kuacha ndiko kulikonifungasha virago. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesomea viumbe wa majini na kufanya kazi kidogo katika kituo cha samaki. Kwa hiyo nilimwambia ndugu yangu tufuge kambale, tuuze vifaranga. Watu kuanzia Isinya hadi Kajiado mjini walikuwa wanachimba mabwawa, na kila mmoja alitaka pa kuanzia. Shamba lilikuwa lake kwa sababu baba alimwachia yeye. Kazi ingekuwa yangu. Tulikubaliana hivyo mezani, tukinywa chai, na mama akatuombea.

Kifaranga wa kambale huzaliwa na kifuko cha chakula tumboni. Kikiisha, unga haumsaidii sana. Anataka kitu kinachotembea majini, kidogo kuliko mdomo wake. Kitu hicho ni viroboto-maji, wadudu wadogo kama nukta ya kalamu, wanaorukaruka ndani ya maji kama wanaopanda ngazi. Wao nao hula mwani, ule unaoyafanya maji kuwa ya kijani. Kwa hiyo ukitaka samaki, lisha viroboto, na ukitaka viroboto, lisha mwani. Nilimweleza ndugu yangu hayo yote. Alishika neno moja tu, kijani.

Yeye ni mtu wa mahindi. Akachukua ile mbolea nyeupe ya kukuzia, ambayo tunawekea mahindi yakifika magotini, akaimwaga bwawani bila kuniuliza. Baada ya muda maji yalikuwa ya kijani hadi usingeona mkono wako ukiuzamisha. Alileta watu wa kanisa kuyatazama. Alipiga picha akawatumia jamaa. "Hii sasa iko na chakula," alikuwa akimwambia kila mgeni, na wageni walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu kwetu huku, mahali jua linapokausha hata mawazo, nani atabishana na kijani?

Vifaranga walikufa. Nikaweka wengine, nao wakafa. Kwanza nilidhani ile mbolea imewatia sumu, nikawahamishia wengine kwenye maji safi ya tangi na kuwapelekea viroboto kutoka bwawani. Waliwala na kuishi, lakini viroboto wenyewe walikuwa wachache mno. Walikwisha, na vifaranga wakaanza kulana mikia. Kwenye maji yote yale ya kijani, viroboto hawakuwa wanazaana.

Hapo ndipo ndugu yangu aliposema. Hakupaza sauti. Alisema kwa upole, kama daktari anayekupa habari mbaya.

"Dada, usikasirike. Lakini kila kitu unashika hakizai."

Nilisubiri mama amkemee. Aliangalia maji.

Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alileta kikundi cha maombi bwawani. Walizunguka ukingo wakiimba, wakaniambia nipige magoti. Nilipiga, kwa sababu mama alikuwa ameushika mkono wangu akinivuta chini. Mtu fulani aliweka kiganja kichwani pangu akaomba tumbo langu lifunguliwe na maji nayo yafunguke. Nilitazama matope mbele yangu nikahesabu pumzi zangu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mwenye kile kiganja, na hata sura yake sikuiona.

Walipoondoka nilichota maji ya bwawa katika glasi nikachukua lenzi ya mkono. Kiroboto-maji ana mwili unaopitisha mwanga, unaona kila kitu ndani yake. Utumbo wao wote ulikuwa wa kijani. Walikuwa wameshiba hadi koo. Lakini jike hubeba mayai mgongoni, ndani ya kijifuko, na kila mgongo niliouangalia ulikuwa mtupu. Na miili yao ilikuwa midogo, kama watoto waliokataa kukua. Nilikaa pale na hasira, maana nilielewa. Hawakukosa chakula. Walikosa kitu fulani ndani ya chakula.

Kiroboto huhitaji madini ya fosforasi kwa wingi ili ajenge mwili na mayai. Mwani ukipewa mbolea nyeupe peke yake utajaa majini, lakini kila chembe yake itakuwa na fosforasi kidogo sana. Mdudu atakula na kula, na bado hatapata cha kujengea. Tena maji yetu ya kisima yana chokaa nyingi, na chokaa huishika hata ile fosforasi kidogo iliyopo na kuizamisha chini. Nilijifunza haya chuoni. Nilikuwa nimeyasahau kwa sababu ya kusikiliza watu wakiongea juu ya tumbo langu.

Nikapanga ndoo tatu nyuma ya jikoni, zote na maji ya bwawa na viroboto wale wale. Ya kwanza niliiacha. Ya pili niliiongezea mbolea nyeupe. Ya tatu niliitia kiasi kidogo cha mbolea ya kupandia, ile ya chembe za kijivu ambayo kila mkulima huweka shimoni pamoja na mbegu, kwa kuwa hiyo ina fosforasi. Kisha nikangoja.

Jirani yetu, mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe wengi, alipita kuleta maziwa. Tukasalimiana kwa Kimaasai, "Takwenya," "Iko," akaniuliza ninapika nini kwenye ndoo. Nilimweleza. Alisema hata ng'ombe zake huwa hivyo wakati mwingine, majani yapo na bado unawakuta wanatafuna mifupa, basi anawanunulia chumvi ya madini. Akaongeza, akifunga kibuyu chake, "Na hakuna mtu anasema ng'ombe amelaaniwa."

Habari ya maombi ilikuwa imemfikia, kumbe.

Ndoo ya kwanza na ya pili hazikubadilika. Katika ya tatu, viroboto walinenepa, na migongo yao ikajaa mayai, meusimeusi kama ufuta. Muda si mrefu yale maji yalikuwa yanachemka kwa wadogo. Nilimwita ndugu yangu, nikampa lenzi. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema Mungu ni mwaminifu, maombi yamejibiwa.

Nilimuuliza mbona maombi yameingia ndoo moja tu. Alienda kunawa mikono.

Nitasema jambo moja hapa kwa sababu baadaye marafiki zangu wawili waliniletea mfano wa wale wadudu, wakidhani wananifariji. Sitaki mtu aniambie kwamba mimi ni kama wale viroboto, kwamba kuna kitu nikipewa nitazaa. Mimi si ndoo. Hata kama ndoo zote tatu zingebaki tupu, ndugu yangu bado asingekuwa na haki ya kusema alichosema.

Niliitia mbolea ya kupandia bwawani, kwa kipimo. Vifaranga waliofuata waliishi, na wateja wakaanza kuja. Basi ndugu yangu akaandaa shukrani kanisani. Alisimama mbele akashuhudia jinsi laana ilivyoondolewa katika nyumba yetu, kisha akaniita nisimame watu wanione. Mama alinigusa kiwiko. Nikasimama.

"Hakukuwa na laana," nilisema. "Wadudu walikuwa na njaa, na ndugu yangu ndiye aliyewanyima. Halafu akaniwekea mimi lawama."

Nikatoka. Nilitembea hadi nyumbani na viatu vya kisigino, vumbi la malori ya mawe likinipaka nguo nyeupe.

Mama alinikuta nikifunga vitu. Akasema nimewaaibisha. Nilimuuliza alikuwa wapi siku ile kando ya bwawa. Aliketi kitandani pangu, akasema aliogopa kwamba akinitetea, ndugu yangu angenifukuza, na hakuwa na mahali pengine pa kunipeleka. Nilimwamini. Lakini kumwamini hakukunipunguzia kitu, nikaendelea kufunga.

Sasa niko upande wa Kajiado mjini, kwenye ploti ya kukodi ambayo yule jirani mwenye ng'ombe alinitafutia kwa watu wake. Nina matangi yangu, na wateja wengi walinifuata. Mama huja kunitembelea, tunapika, tunazungumza mambo mengine.

Majuzi ndugu yangu alinipigia simu. Maji yake yamekuwa ya kijani kupita kiasi, akasema, na asubuhi samaki wanakuja juu wakitafuta hewa. Nilimwambia aache mbolea yoyote, atoe sehemu ya maji na aingize mengine, upesi, kwa sababu samaki hawakunikosea. Akasema, "Asante, dada." Nikangoja aseme pia samahani. Akasema niwape wote salamu zake, akakata.

Nilifanya kazi siku nzima nikiwa na hasira, na kazi ilienda vizuri.