Dada Alishaagwa, Viza Haijatoka

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Dada yangu ni daktari. Hospitali moja ya nje ilimpa nafasi ya kusomea ubingwa. Mama alifurahi mno, akaita majirani hapa Mabwerebwere kwenye dua ya kumuaga. Shangazi alileta mchele kutoka Mikumi. Tukala pilau, tukalia, dada akaagwa. Viza ilikuwa bado haijatoka.

Mpaka leo haijatoka, na masomo yanaanza mwezi ujao. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Dada anaona aibu kuonekana mjini wakati alishaagwa, kwa hiyo sokoni Kilosa nilikuwa naenda mimi.

Juzi nilimwamkia mama muuza nyanya, ambaye naye alikuja kwenye dua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dada yako huko baridi haimtesi?"

Nikalipa nyanya, nikaondoka. Nyumbani nikamweleza dada. Aliangalia simu, kisha akajifunga kanga, akaenda sokoni mwenyewe. Nikamfuata.

"Makubwa! Wewe si tulikuaga?" mama yule akashangaa.

"Bado nasubiri viza, mama."

"Na pilau tumeshamaliza! Haya, kaa hapa uniangalie hili goti."

Dada alicheka, lakini simu haikutoka mkononi. Hata mimi ikilia tu, nakimbia kuangalia kama ni habari ya viza. Kama wewe au ndugu yako mlisubiri hivi, tafadhali niandikie. Nataka kujua kama viza ilitoka kabla masomo hayajaanza.